Usiuongezee Mlima Theluji

Mgeni anayeshuka basi mjini Moshi alasiri mara nyingi hugeuka huku na huku akiutafuta Mlima Kilimanjaro asiuone. Akiuliza, huonyeshwa wingu na kuambiwa, "Uko pale nyuma." Wenyeji hawaoni ajabu. Mlima huu una tabia ya bibi harusi wa zamani, ambaye hakutolewa mbele za watu ovyo. Anayetaka kuuona sharti aamke mapema.

Alfajiri hewa bado ni baridi na mawingu hayajapanda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kilele cha Kibo huwa wazi, na upande wa mashariki Mawenzi husimama na meno yake yaliyovunjika. Jua linapopasha moto mashamba na msitu, mvuke hupanda mitelemkoni na kugeuka mawingu. Kufikia saa nne mlima mara nyingi umekwisha kujifunika shuka. Kibo ina urefu wa mita 5,895, na mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Kwa hiyo mama anayenunua ndizi sokoni, akiinua macho asubuhi hiyo, anatazama juu karibu kilomita tano nzima. Ni sehemu chache duniani unapoweza kufanya hivyo ukiwa na kikapu mkononi.

Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto wake. Kila mara ulipozimika alikwenda kuomba kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi ana mapengo hadi leo.

Nilikwenda huko Desemba 2022 na rafiki yangu, jirani yangu wa Morogoro, ambaye ni mzaliwa wa Marangu. Kila mwisho wa mwaka huenda kwao "kuhesabiwa", kama watani wa Wachagga wanavyopenda kusema. Safari hii tulikuwa na kazi moja tuliyotumwa. Mama yake, aliyepita miaka themanini, anaishi naye Morogoro, na magoti yake hayakubali tena basi la kutwa nzima. Tulipokwenda kumuaga alisema, "Mimi siwezi tena kuufuata mlima wangu. Basi ninyi mniletee."

Alitaka picha kubwa, ya kutundika ukutani mbele ya kiti chake.

KWA NINI PICHA HAILINGANI NA JICHO

Kutoka Himo barabara hupanda kuelekea Marangu kati ya migomba na mibuni. Vihamba vimepakana kwa masale, na maji hupita katika mifereji waliyoichimba mababu. Asubuhi ya pili mlima ulijitokeza juu ya migomba, umekaribia kana kwamba ungeweza kuugusa. Tulipiga picha nyingi kwa kamera ya dijitali ya kaka yake na kwa simu zetu. Tulipozitazama tulivunjika moyo. Mlima ulikuwa mdogo kama kichuguu, anga nyeupe kama maji ya mchele, na migomba iliyokuwa inameremeta kwa umande imekuwa giza tupu.

Akina mama wengi wamepatwa na jambo hili wakadhani simu zao ni mbovu. Sivyo. Jicho letu halifanyi kazi kama kamera. Linapotazama kivuli cha mgomba hujifungua, na likihamia angani hujifunga, nasi hatuna habari. Kamera hupima mwanga mara moja kwa picha nzima. Ikiridhisha anga huumiza shamba, na ikiridhisha shamba huunguza anga. Tena, tukivutiwa na mlima akili yetu huukuza na kusahau nguzo, paa na kamba ya nguo. Lenzi ya simu nyingi hukusanya eneo pana, na vyote huvipa haki sawa. Mwisho kuna vumbi na ukungu ulioko kati yetu na mlima. Jicho huvisamehe, kamera haivisamehi.

Kwa hiyo mtu anayesema, "Mimi sigusi picha, naiacha kama ilivyotoka," hajasema yote. Simu nyingi za siku hizi zenyewe hupiga picha kadhaa kwa mkupuo mmoja, zikaziunganisha, zikakoleza rangi na kunoa kingo kabla hujaona chochote. Picha imekwisha kuguswa. Swali letu si kama irekebishwe au isirekebishwe, bali irekebishwe kiasi gani.

Wala jambo hili si geni. Enzi za filamu tulipeleka mkanda studio "kusafisha picha", na fundi ndiye aliyeamua iwe nyeusi au nyeupe kiasi gani. Mpiga picha mashuhuri wa Marekani, Ansel Adams, alipiga mwaka 1941 picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez katika jimbo la New Mexico. Kwa miaka mingi aliichapa tena na tena, na kila alivyozeeka ndivyo alivyozidi kuifanya anga yake kuwa nyeusi. Picha zake za mwanzo zina mawingu membamba ambayo katika zile za baadaye karibu hayaonekani. Lakini mwezi hakuuhamisha, wala hakuongeza wa pili.

KWA KIJANA WA STUDIO

Tuliporudi Moshi mjini tuliingia studio moja ndogo inayosafisha picha za pasipoti na za harusi.

"Shikamooni, mama zangu," kijana alitupokea.

"Marahaba, mwanangu. Tunaomba utusafishie hii, iwe kubwa ya ukutani."

Aliifungua kwenye kompyuta, akaanza kazi kwa mikono myepesi. Kwanza aliinyoosha, maana ilikuwa imeinama kushoto. Akapunguza ukungu, na mabonde ya Kibo yakajitokeza moja moja. Akainua mwanga kwenye vivuli, na migomba ikarudi kuwa migomba. Rafiki yangu alipiga makofi. "Huo sasa ndio asubuhi ile!"

Kijana alitiwa moyo. Akakoleza anga mpaka ikawa bluu ya ndoo ya plastiki.

"Hapo punguza, mwanangu," rafiki yangu alimwambia. "Anga ya kwetu haiko hivyo."

Alipunguza bila ubishi. Kisha akasema, "Mama, nikuwekee na theluji? Siku hizi imebaki kidogo sana. Wateja wengi wanapenda mlima mweupe."

Kabla hatujajibu alikuwa ameshabonyeza. Weupe ukateremka kutoka ukingo wa juu, ukafunika kilele, ukafika mabegani. Ulikuwa mzuri, sikatai. Ulifanana na mlima wa kwenye kalenda na vifuko vya kahawa.

Rafiki yangu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hivi ndivyo mama alivyouacha. Akiuona hivi atafurahi sana."

Hoja yake si ya kudharauliwa. Picha haikuwa ya gazeti wala ya mashindano. Ilikuwa ya kikongwe mmoja mwenye hamu ya kwao. Nani angeumia? Nami mwenyewe sikuwa na neno la kumwambia. Yeye ndiye aliyejiuliza, bado anaitazama kompyuta: "Lakini akiniuliza imepigwa lini, nitamjibu nini?"

"Tunaweza kuandika mwaka wowote, mama," kijana akasema.

"Hapana, mwanangu. Iondoe."

Akaiondoa. Zikabaki zile kanga chache za weupe zilizokuwa zimetundikwa kwenye jiwe jeusi asubuhi ile.

BARAFU INASIMULIA

Msomaji mpenzi, weupe ule unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu una historia ndefu ya kuaminiwa na kutoaminiwa.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akisafiri kwa miguu kutoka pwani, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Kiongozi wake wa njia alikiita "baridi" tu. Rebmann alitambua kuwa ni theluji, akaandika hivyo. Huko London mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, alimpinga vikali. Theluji karibu na ikweta? Miaka zaidi ya kumi ilipita kabla ya wasafiri wengine kufika na kuthibitisha. Rebmann hakuwa na picha ya kuonyesha. Alikuwa na neno lake tu, nalo lilikuwa kweli.

Mwaka 1912 Wajerumani wengine wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipanda na kuuzunguka mlima wakiupiga picha kwa vipimo. Kutokana na picha zile ikachorwa ramani ya barafu. Ndiyo maana leo tunajua kwamba wakati ule barafu ya kudumu ilifunika takribani kilomita za mraba 12. Ilipopimwa tena mwaka 2011, ilikuwa chini ya kilomita za mraba 2. Wataalamu wanataja hali ya hewa kuwa kavu zaidi na theluji kuanguka kwa uchache tangu mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na kuongezeka kwa joto duniani. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba barafu ya Kilimanjaro ni miongoni mwa zile zinazotarajiwa kutoweka kufikia mwaka 2050.

Tusichanganye mambo mawili. Baada ya mvua nzuri theluji mpya inaweza kuanguka na Kibo ikawa nyeupe kweli, kisha ikayeyuka baada ya siku au wiki. Barafu ya kudumu ni ile inayobaki baada ya hapo. Picha mbili za kweli za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana sana, na ndiyo maana picha isiyo na tarehe husema nusu ya habari.

Sasa tujiulize. Kama Oehler na Klute wangeongeza weupe kidogo ili kuwapendeza watu wa kwao, leo tungejua nini? Na kama kila familia ya Moshi, Arusha na Morogoro itauweka mlima mweupe ukutani, mtoto atakayezaliwa mwaka huu atajuaje ni lini barafu ilikwisha? Rebmann hakuaminiwa kwa sababu hakuwa na picha. Watoto wetu wanaweza wasituamini sisi kwa sababu picha tunazo, nao wanajua jinsi tulivyozitengeneza.

Wauguzi wanalielewa jambo hili kazini. Siku hizi picha ya kidonda huweza kutumwa kwa daktari aliye mbali. Kuongeza mwanga ili kidonda kionekane ni kumsaidia. Kulainisha ngozi ili kipendeze ni kumpoteza, na atakayeumia ni mgonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Hata wakubwa wa kazi hii wameteleza. Jarida la National Geographic la Marekani, katika jalada lake la Februari 1982, lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili picha iliyopigwa kwa upana itoshee ukurasa wa wima. Piramidi zilizodumu zaidi ya miaka 4,000 zikahama bila jiwe kuguswa. Lawama zilikuwa nyingi, na miaka mingi baadaye jarida lenyewe liliandika kwamba zilistahili. Aliyefanya vile hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka ukurasa mzuri tu.

PICHA ILIPOFIKA MOROGORO

Bibi alivaa miwani, akaisogeza picha karibu na dirisha. Alipitisha kidole kwenye migomba, akataja kihamba cha nani kinaanzia wapi. Alipofika juu alisimama.

"Na theluji?"

"Ndiyo hiyo, mama," binti yake alijibu.

Alinyamaza. Nakiri niliogopa tumemuumiza, na nadhani kweli aliumia kidogo. Kisha akawaita wajukuu. Akawaonyesha kwa kidole mahali weupe ulipokuwa ukifika alipokuwa msichana wa kuchota maji mferejini. Akawaeleza jinsi walivyojua hali ya siku kwa kuutazama mlima kabla ya kuwasha moto. Mjukuu wa darasa la sita alileta kalamu akayaandika maneno ya bibi nyuma ya picha, pamoja na tarehe tuliyopiga. Tangu wakati huo watoto humwuliza habari ambazo hawakuwahi kumwuliza. Picha nyeupe ingetundikwa na kusifiwa, lakini isingemfungua mdomo.

MAHALI PA KUKOMEA

Kwa akina mama wanaopiga picha safarini, au ambao watoto wao huwarekebishia, haya ndiyo niyapendekezayo.

Kwanza, rudisha ulichokiona. Nyoosha picha iliyoinama. Punguza ukungu, inua vivuli, shusha mwanga wa anga mpaka mawingu yaonekane. Kata pembeni pasipo na maana, na futa doa la vumbi lililokuwa kwenye lenzi, maana halikuwa mlimani.

Pili, koleza rangi kwa mkono wa kutia chumvi. Ongeza kidogo, ondoka ukafanye kazi nyingine, kisha rudi uitazame upya. Mara nyingi utapunguza. Tahadhari zaidi na kijani. Shamba lililokauka likigeuzwa kijani, umefuta ukame wa mwaka ule. Msitu wa Kilimanjaro ndio unaonasa sehemu kubwa ya maji ya mito yetu, kuliko hata barafu. Basi mteremko uliokatwa miti tuuache uonekane umekatwa.

Tatu, usilete kisichokuwapo. Usiongeze theluji, wala anga ya siku nyingine, wala twiga, na usiukuze mlima ukaacha miti ilivyo. Programu za siku hizi zenye akili mnemba hufanya haya kwa kubonyeza mara moja, na hapo ndipo penye hatari, maana hatupati hata muda wa kufikiri. Ukipenda mapambo kwa ajili ya kadi ya harusi, fanya, lakini uandike kuwa ni picha ya kutengenezwa.

Nne, nguzo za umeme na mabati ziache katika picha za kumbukumbu. Leo zinaudhi. Baada ya miaka thelathini mtoto wako atauliza, "Kumbe umeme ulikuwa umeshafika hapa?" Ukitaka picha isiyo na nguzo, tembea hatua kumi.

Tano, hifadhi ile ya kwanza. Rekebisha nakala, na picha ilivyotoka kwenye kamera ibaki salama mahali pengine, si kwenye simu peke yake. Nyuma ya iliyosafishwa andika tarehe, saa, mahali uliposimama na upande uliokuwa unatazama.

Sita, na hiki ndicho kipimo changu kikubwa: mwonyeshe anayekaa pale. Mama wa Marangu akisema, "Ndiyo, asubuhi huwa hivi," umefika. Akisema, "Hapa ni wapi?" rudi nyuma. Picha ya mandhari ni ahadi kwa atakayekuja. Yupo mgeni atakayeweka akiba miaka miwili kwa ajili ya picha aliyoiona, na akifika, wapagazi na waongoza wageni ndio watakaoulizwa theluji imekwenda wapi.

Tukumbuke pia kwamba mlima usio na theluji nyingi si mlima uliopungua heshima. Jiwe jeusi la Kibo linapopigwa na jua la saa kumi na mbili na nusu hugeuka rangi ya chungu kilichotoka motoni, na mawingu yaliyolala kiunoni mwake humfanya mtu asimame na ndoo yake kichwani akasahau alikokuwa akienda. Uzuri huo upo leo, nao unatosha kwa ukuta wa sebule. Mama akiwa na picha kumi za namna hiyo, za miaka kumi mbalimbali, kila moja na tarehe yake, amewawekea wanawe ushahidi ambao hakuna mtaalamu atakayekuja kuwaandalia.